Njia Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii husomwa dukani, mbele ya mzani na sanduku la fedha, na mwenye duka huaswa aandike alichouza na alichokopesha. Mimi nataka kuitoa dukani niipeleke shambani, niipeleke kinamasini na ukingoni mwa mto. Maana iko mali moja isiyo na duka wala mzani, ambayo tajiri na maskini huirithi pamoja, nayo hupotea kila mwaka bila habari kwa kuwa haikuandikwa. Mali hiyo ni njia. Sisemi barabara kuu ya magari, kwa sababu hiyo ina serikali ya kuitetea. Nasema njia ya miguu, mapito ya ng'ombe, mawe ya kukanyagia mtoni, na kivuko cha kale. Dai langu ni hili, nami nitalishikilia hata mwisho: njia ya watu wote isiyoandikwa imekwisha kuhukumiwa kufa, na wale wanaokataa kuiandika, hata wakiwa na maneno matamu kiasi gani, wana sehemu katika kifo chake.

Sitaki kukulisha maneno matupu, msomaji. Kwa hiyo nitakupeleka mahali palipo na jina. Twende Ayalandi, kisiwa kilichoko magharibi ya Ulaya. Na katika Ayalandi twende magharibi ya kaunti ya Offaly, ambako mto Shannon, mrefu kuliko mito yote ya kisiwa hicho, hupita polepole kati ya malisho. Wilaya hiyo haina milima mirefu. Ina vitu vitatu: vinamasi, mto, na matuta ya mchanga. Mwenye kuvielewa vitu hivi vitatu amekwisha kuelewa kwa nini njia zake zilipita zilipopita.

Matuta yalitokana na barafu. Zamani sana, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, barafu nene ilifunika nchi, na chini yake mito ya maji yaliyoyeyuka ilichukua mchanga na changarawe. Barafu ilipokwisha, mchanga ule ulibaki juu ya ardhi kama migongo mirefu, myembamba. Waairishi huita mgongo wa namna hiyo eiscir, na wataalamu wa miamba wa dunia nzima wameazima neno hilo kwao. Kando ya migongo hiyo maji yalituama. Mimea ikaota, ikafa bila kuoza sawasawa, ikajilundika karne baada ya karne hata ikawa kinamasi cha mboji nyeusi yenye kina cha mita kadhaa. Kinamasi hakibebi mguu wa mtu wala kwato ya ng'ombe; mgongo wa mchanga hubeba vyote viwili. Basi msafiri wa kale aliyetoka mashariki kwenda magharibi alipewa njia na ardhi yenyewe. Alipanda mgongoni akaufuata. Ndivyo ilivyopatikana Slí Mhór, yaani Njia Kuu, iliyokata kisiwa toka upande wa Dublin hata upande wa Galway. Na pale ilipokutana na mto Shannon ilijengwa, katika karne ya 6, monasteri ya mtakatifu Ciarán iitwayo Clonmacnoise. Leo mgeni huona magofu ya makanisa na misalaba ya mawe katika kimya cha malisho, akadhani watawa wale walikimbilia upweke. Sivyo. Mahali pale palikuwa njia panda ya kisiwa kizima: mto ulileta watu wa kaskazini na wa kusini, mgongo wa mchanga ukaleta wa mashariki na wa magharibi.

Na mto ulivukwaje? Katika miaka ya 1990 wapiga mbizi walishuka majini karibu na Clonmacnoise wakakuta safu za nguzo za mwaloni zimesimama matopeni. Wataalamu walihesabu pete za umri katika miti hiyo, wakagundua kwamba ilikatwa mwaka 804. Lilikuwa daraja la mbao lenye urefu wa zaidi ya mita 100, na chini ya maji karibu nalo kulikuwa na mitumbwi iliyozama. Fikiri, msomaji. Daraja la mawe la Shannonbridge, lenye matao 16, ambalo magari hulipita hata leo kilomita chache kusini ya hapo, lilijengwa mwaka 1757. Zaidi ya miaka 900 kabla yake, watu wasiokuwa na mashine yoyote walikata miti mikubwa ya mwaloni, wakaichonga, wakaishindilia katika mto mpana wenye nguvu. Kazi kama hiyo haifanywi kwa starehe ya mtu mmoja. Hufanywa na watu wanaojua kwamba kuvuka ni haja ya wote.

Sasa tazama majina, maana majina ndiyo daftari la kwanza la wasio na daftari. Katika Kiairishi áth ni kivuko cha miguu. Mji wa Athlone, ulioko juu ya mto huohuo, ni Áth Luain, kivuko cha Luan. Kijiji cha Ballycumber, kwenye mto Brosna, ni Béal Átha Chomair, mdomo wa kivuko penye makutano ya maji. Karibu nacho kipo kijiji kiitwacho Boher, na boher si kitu kingine ila bóthar, yaani barabara, iliyoandikwa na karani wa Kiingereza kama alivyoisikia. Hata mji mkuu wa nchi, ambao dunia huuita Dublin, kwa Kiairishi ni Baile Átha Cliath, mji wa kivuko cha fito zilizosukwa. Taifa lililouita mji wake mkuu kwa jina la kivuko halikuona kuvuka mto kuwa jambo dogo.

Neno bóthar lenyewe lina mafunzo. Limetokana na bó, maana yake ng'ombe. Katika kamusi ya kale inayonasibishwa na Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme wa Cashel aliyekufa mwaka 908, upana wa bóthar umepimwa kwa ng'ombe wawili, mmoja akisimama kwa urefu na wa pili kwa kukingama. Tena wenyeji walitakiwa kusafisha njia, kuondoa miiba, magugu na maji, wakati wa baridi, wakati wa vita na wakati wa mashindano ya farasi. Basi asikudanganye mtu kwamba njia za kale zilikuwa bahati ya nyayo tu, zikatokea zenyewe na zikafa zenyewe. Zilikuwa na vipimo, zilikuwa na daraja zake za heshima, na zilikuwa na watu waliopewa wajibu wa kuzitunza.

Njia hizo zimeuawaje? Nitataja mauti ya namna tatu, nawe utapima ipi ni mbaya kuliko nyingine.

Mauti ya kwanza yaliletwa na maendeleo. Katika miaka ya 1840 serikali ilichimbua mto Shannon ili vyombo vya mvuke vipite na mafuriko yapungue. Vivuko vya miguu ni mahali mto ulipo na maji haba. Na maji haba ni adui wa chombo. Kwa hiyo vikachimbwa. Pale Keelogue, karibu na Meelick, chini ya mto toka Shannonbridge, wafanyakazi waliochimba kivuko walitoa silaha za shaba na mashoka ya mawe. Maana yake ni kwamba watu walikipita kivuko hicho tangu kabla ya kujua madini. Maelfu ya miaka ya nyayo yaliondolewa kwa sepetu katika muda mfupi. Sisemi kazi ile ilikuwa ya ovyo. Chombo kina faida, na mkulima ambaye nyasi zake zimezama ana haki ya kusikilizwa. Nasema tu kwamba mauti haya yalikuwa na sababu iliyosemwa waziwazi, na aliyetaka kubisha aliweza kubisha.

Mauti ya pili yaliletwa na mashine katika vinamasi. Mahali pasipokuwa na mgongo wa mchanga, watu wa kale walitandika miti juu ya matope, wakapita. Njia ya namna hiyo huitwa tóchar. Katika kaunti ya Longford, pale Corlea, wachimba mboji waligundua mwaka 1984 njia ya mbao nzito za mwaloni zilizokatwa mwaka 148 kabla ya kuzaliwa Kristo; kipande chake cha mita 18 kimehifadhiwa ndani ya nyumba iliyojengwa juu yake. Katika Offaly yenyewe, kinamasi cha Lemanaghan, kinachozunguka mahali alipoishi mtakatifu Manchán katika karne ya 7, kimeonekana kuwa na njia nyingi za mbao za zama mbalimbali, na hata leo mtu aweza kukanyaga njia ya mawe itokayo penye kanisa la kale kwenda kijumba ambacho mapokeo husema kilikuwa cha Mella, mama yake Manchán.

Mboji ikikaushwa huwaka kama kuni. Mwaka 1946 liliundwa shirika la umma la Bord na Móna ili kuivuna kwa mashine. Mashine hizo zilikwangua kinamasi kila kiangazi, tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba, kama seremala apigaye randa ubao. Siku moja meno ya mashine hukutana na mti uliolala chini kwa miaka 1,000 au 2,000. Kiangazi kifuatacho mti huo umekuwa vumbi. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 1990 wataalamu wa mambo ya kale walipita katika vinamasi hivyo wakitafuta miti iliyochomoza katika kuta za mitaro, na mengi tunayoyajua tunayajua kwa jasho lao. Lakini waliyoyaona ni yale yaliyobaki. Yaliyopita katika meno ya mashine kabla yao hayana shahidi.

Hapa yupo atakayenikemea. Atasema, mboji ile iliwasha taa katika nyumba za maskini, iliwapa vijana kazi, iliwazuia kupanda meli kwenda ugenini. Ni kweli tupu, nami sitaki kuwa miongoni mwa watu wanaolia kwa ajili ya mti mkavu na kusahau mtoto mwenye baridi. Walakini jibu ni jepesi. Taa haikuhitaji njia ipotee bila kuandikwa. Gharama ya kutembea na kalamu mbele ya mashine ni ndogo kuliko gharama ya mashine yenyewe. Mkono uliowasha taa ungaliweza pia kuandika daftari.

Mauti ya tatu ndiyo mabaya kuliko yote, maana huja kimyakimya, bila mashine na bila tangazo. Huja kwa sheria kunyamaza. Ayalandi ilirithi sheria ya mazoea ya Kiingereza, na sheria hiyo ina kanuni nzuri isemayo kwamba iliyokwisha kuwa njia ya umma ni njia ya umma siku zote. Kanuni nzuri, lakini nani atathibitisha kwamba ilikwisha kuwa? Huko Uingereza na Welisi, sheria ya mwaka 1949 iliamuru halmashauri za kaunti zichore ramani za njia za umma, na njia iliyomo katika ramani hiyo ina ushahidi mkononi. Ayalandi, iliyokuwa imejitawala tangu mwaka 1922, haikufanya hivyo. Ramani kubwa zilizopimwa huko kati ya mwaka 1824 na 1846 zinaonyesha njia nyingi sana; walakini ramani ya mpima nchi husema njia ipo, haisemi ni ya nani. Matokeo yake ni kwamba mwenye kudai njia ya umma hutakiwa kuthibitisha kuwa mwenye ardhi, wa leo au wa zamani, aliitoa kwa umma kwa nia. Atathibitishaje nia ya marehemu? Atawaleta wazee waseme walipita, na baba zao walipita. Kisha ataambiwa: Mlipita kwa hisani.

Usidhani natunga. Toka Offaly, nenda kaskazini-magharibi hata Lissadell katika kaunti ya Sligo. Hapo palizuka shauri juu ya njia zinazopita katika shamba moja kubwa la kale. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilitamka kwamba umma una haki ya kupita. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu Kabisa ilitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo, kwa kuwa matumizi ya miaka mingi, peke yake, hayakuthibitisha nia ya kutoa. Ikabaki njia moja ya kando ya bahari. Siwalaumu mahakimu. Hakimu huamua kwa sheria aliyopewa. Wala siwalaumu wenye shamba, ambao walikwenda mahakamani kama raia yeyote. Nalaumu ukosefu wa daftari, uliowafanya majirani wapeane makaratasi ya mashtaka kwa miaka mingi, na kwa gharama kubwa, juu ya jambo ambalo lingaliandikwa kwa wino wa senti chache wakati mashahidi wote wangali hai.

Bunge lilijaribu kutengeneza. Mwaka 2010 liliamuru mipango ya maendeleo ya kaunti itaje na kuchora njia za umma ziendazo ufukoni, mlimani, ziwani, ukingoni mwa mto, au mahali pengine penye uzuri wa asili au burudani. Nashukuru kwa hilo. Lakini soma tena orodha hiyo polepole. Je, umemwona mzee aendaye kisimani? Umemwona mjane aendaye makaburini? Imetajwa njia iliyopitiwa na Wakatoliki katika karne ya 18, wakati sheria za wakoloni wao zilipoibana dini yao, nao wakapita mashambani kwenda kusali mbele ya jiwe lililokuwa altare yao? Njia hizo huitwa hata leo njia za misa. Sheria ile ilimwona mtalii. Mwenyeji haikumwona sawasawa. Njia yenye mandhari nzuri imepata wakili, na njia yenye haja tu imeachwa yatima.

Sasa nawageukia wapinzani, nami nitawapa haki yao, kwa sababu hoja isiyomsikiliza mpinzani ni ngoma ya mtu mmoja.

Wa kwanza ni mkulima mwenye ardhi. Yeye husema: Shamba hili ni langu; babu yangu alikuwa mpangaji wa kabaila, akanunua shamba kwa jasho baada ya sheria ya mwaka 1903; sasa mwataka kunirudishia miguu ya wageni uani pangu? Maneno haya yana uchungu wa kweli, na mwenye kuyacheka haijui historia ya Ayalandi. Mtu aliyefukuzwa katika ardhi hupenda ua wake kuliko mtu mwingine. Tena husema: Mgeni akivunjika mguu atanishtaki; mbwa wake atafukuza kondoo wangu. Mintarafu ya mguu, sheria ya mwaka 1995 ilikwisha kumpunguzia mzigo: hana wajibu kwa mtembezi wa burudani ila asimdhuru kwa makusudi wala kwa kutojali kabisa usalama wake. Mintarafu ya mbwa, mwenye mbwa na abanwe. Kosa la mbwa halifungi njia ya mtu. Na mintarafu ya babu, namjibu hivi: Babu yako alipokuwa mpangaji, asiye na hati yoyote, alikwenda kwa miguu kanisani, gulioni na katika maziko ya jirani kwa njia gani? Kwa njia hizihizi. Zilikuwa mali yake kabla hajawa na mali. Njia ni kongwe kuliko hati yako, na aliyeinunua ardhi aliinunua ikiwa na kovu la njia juu yake.

Wa pili ni mtu mwenye upole, naye ni wa hatari zaidi kwa sababu ya upole wake. Yeye husema: Hakuna haja ya haki, ruhusa yatosha. Tazama, tangu mwaka 2008 serikali huwalipa wenye mashamba watunze njia za matembezi. Tazama kaunti ya Mayo, ambako Tóchar Phádraig, njia ya mahujaji ya kilomita 35 hivi kutoka abasia ya Ballintubber hata mlima Croagh Patrick, ilifufuliwa mwaka 1987 kwa maelewano na wakulima. Naam, nimetazama, na nawapongeza wote waliofanya hivyo. Lakini ruhusa si haki. Ruhusa ni mkopo, na mkopo hurudishwa mwenyewe autakapo. Mkulima mwema akifa, shamba likauzwa kwa mtu asiyejua jirani zake, ruhusa hufa pamoja na mwema yule. Naye apitaye kwa ruhusa mwaka baada ya mwaka huzidi kusahau kwamba palikuwa na haki. Usiache mbachao kwa msala upitao: ruhusa ni msala upitao, na haki ya kupita ndiyo mbachao.

Wa tatu ni mtu wa hesabu. Husema: Njia nyingi hazina faida tena, nyingine haziendi popote, kwa nini kuziandika? Mtu huyu nampeleka mpaka mwaka wa njaa. Viazi vilipooza, na watu wakafa kwa maelfu, serikali ya Uingereza iliona vibaya kuwapa wenye njaa chakula bure; ikawapa kazi ya kujenga barabara kwa ujira mdogo. Mwezi Machi mwaka 1847 zaidi ya watu 700,000 walikuwa katika kazi hizo, wanaume, wanawake na watoto, wakivunja mawe na matumbo matupu. Baadhi ya barabara zile zilikoma katikati ya mlima au kinamasi, na zipo hata leo, hazifiki popote. Je, hazina faida? Hazifai kusafiria, zafaa kushuhudia. Barabara isiyofika popote ni waraka ulioandikwa kwa mawe, nao wasema jinsi watu walivyotumikishwa badala ya kulishwa. Mwenye kuufuta waraka huo kwa sababu hauna faida ya biashara amewazika wafu wale mara ya pili. Kama hata njia isiyofika popote ina haki ya kuandikwa, sembuse ile inayofika kisimani!

Basi lifanywe nini? Sipendi insha inayolia kisha ikaondoka bila kuacha neno la kazi. Naona mambo matatu. Kwanza, katika kila parokia ya wilaya ile waketi wazee na vijana pamoja, wakiwa na ramani za kale mbele yao, waandike kila njia, kila kivuko na kila mstari wa mawe mtoni: jina lake, ilikotoka, ilikokwenda, nani aliipita na kwa haja gani. Kazi hii haingoji bunge, yangoja kalamu. Nayo haina muda mwingi, kwa maana aliye na miaka 90 leo alikuwa mtoto wakati watu wengi walipokwenda kwa miguu, na baada yake hakuna wa kuulizwa. Pili, bunge liipe daftari hiyo nguvu ya sheria, liitie na njia ya haja pamoja na njia ya uzuri, na mwenye shamba atakayepata hasara ya kweli alipwe fidia ya kweli. Tatu, njia zipitwe. Njia ni kiumbe wa ajabu; vitu vingine huchakaa kwa kutumiwa, na njia huchakaa kwa kutotumiwa. Mwaka mmoja bila nyayo huleta majani, miaka mitano huleta miiba, miaka 20 huleta seng'enge na mtu asemaye: Hapa hapajawahi kuwa na njia.

Na wakati huu una nafasi yake ya pekee. Mwaka 2021 Bord na Móna lilitangaza kwamba limekoma moja kwa moja kuvuna mboji, na vinamasi vingi vya Offaly vinarudishiwa maji ili viwe hai tena. Maji ni rafiki wa mti wa kale. Ndiyo yaliyoihifadhi tóchar ya Corlea zaidi ya miaka 2,000. Njia zilizobaki chini zitalala salama maji yakirudi. Lakini zile za juu, za mguu wa mtu aliye hai, hazihifadhiwi na maji. Kinamasi kinapopangwa upya, mtu aamue palepale wapi watu watapita, na aandike. Ikiwa nafasi hii itapita bila daftari, sijui itakuja lini nyingine.

Huenda, msomaji, unajiuliza: Offaly inanihusu nini mimi niliye mbali? Nami nakuuliza: Leo ulikwenda shule kwa njia gani? Ulipita kati ya shamba la nani na shamba la nani? Ulivuka kijito juu ya gogo lililolazwa na nani? Na kesho mwenye shamba akiweka seng'enge, utaonyesha karatasi gani? Waairishi wa Offaly hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa na daraja la mwaka 804, walikuwa na njia za mwaloni kinamasini na sheria za kupima upana kwa ng'ombe. Walikosa kitu kimoja tu, nacho ni daftari. Muulize babu yako jina la njia ile ambayo haipitwi tena, umwulize ilikwenda wapi na ni akina nani walioipita. Kisha chukua kalamu uandike, kabla hajanyamaza.